Waya Ambao Zenobio Hakuufunga

Ukiiona mikono ya Zenobio Ayaviri utadhani ameishi maisha yake yote akigombana na paka. Makovu kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, mengine meupe ya zamani, mengine bado yana damu ya jana. Ni waya huo. Miaka thelathini na kitu anasuka gabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe na kupangwa ukingoni ili mto usile mashamba. Hapa Tholapampa hajazaliwa wa kumzidi. Kila anayejua kusuka waya kando ya mto Jatunmayu, kuanzia darajani mpaka kwenye mashamba ya vitunguu, alifundishwa na yeye, au na mtu aliyefundishwa na yeye, na wote walitukanwa wakati wa kufundishwa, maana Zenobio hana subira hata ya kungoja viazi viive.

Lakini msifie uone. Anaangalia chini, anahamisha tonge la majani ya koka kutoka shavu hili kwenda shavu lile, anaondoka. Watu husema, mzee mnyenyekevu yule. Unyenyekevu gani. Mtu anayemtukana injinia mbele ya mkewe ana unyenyekevu gani. Kuna kitu kilikuwa kinamla, na kilimla miaka kumi.

Baba yake alikuwa fundi wa miguu ya mbuzi. Ndivyo mto ulivyozuiwa zamani: magogo matatu yamefungwa kileleni, yametanuliwa chini, katikati yamebebeshwa mawe na matawi. Kila mwaka mvua zikiisha unajenga upya, kwa sababu mto umetafuna magogo kama mtu anavyotafuna muwa. Yule mzee alikuwa na usemi mmoja tu, akiutumia kwa kila kitu, mpaka kwa mambo ya ndoa: "Mto hausukumi mlango. Unatafuta palipolegea." Zenobio alikua akiusikia huo usemi mpaka ukamchosha. Laiti angeusikiliza.

Jirani yake wa upande wa chini, kule maji yanakokwenda, alikuwa Casiano Veizaga. Mtu mwembamba, mcheshi, anayependa kusikilizwa. Hao wawili walikua pamoja, wakaiba mapichi ya padri pamoja, wakachapwa pamoja. Casiano alipopata binti, Nilda, ni Zenobio aliyemshika mtoto siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo hawakuitana tena majina. Waliitana kompadre. Hilo si neno la mdomoni tu huku kwetu. Kompadre hamshtaki kompadre mbele ya watu. Kompadre hamkagui kompadre. Kumkagua kazi yake ni sawa na kumpekua mifukoni.

Basi miaka kumi iliyopita mradi wa kuzuia mafuriko ukaleta waya wa kutosha ukuta mzima, na kijiji kikaamua ukuta ujengwe kwa msaragambo. Kila familia ikapimiwa ngwe yake ya hatua nane kando ya mto, mbele ya shamba lake. Sheria ni ya zamani, kila mtu anaijua. Ukiwa na ngwe, una zamu ya maji ya kumwagilia. Ngwe yako ikianguka, zamu yako inasimama mpaka uinyanyue. Na pale ngwe mbili zinapokutana, aliye juu humfungia aliye chini, kwa sababu maji yanatoka juu. Kasha la mwisho la huyu na kasha la kwanza la yule lazima yashonwe kwa waya, kila upana wa kiganja, mzunguko mmoja, mizunguko miwili, mzunguko mmoja, mizunguko miwili, toka chini mpaka juu. Yasiposhonwa huna ukuta, una masanduku yamesimama foleni.

Zenobio alikuwa juu. Casiano alikuwa chini.

Ilikuwa Agosti, mto umekauka, umebaki ulimi mmoja wa maji katikati ya mawe. Katapila lilikodishwa kwa siku nne tu. Lichimbe mtaro wa msingi, watu wapange safu ya kwanza ya makasha humo ndani, halafu lifukie kabla ya kuondoka. Siku ya nne jua limeshapita utosini na kazi bado. Watu wanakimbizana na mashine ambayo si yao. Zenobio naye akakimbiza. Kasha huwekewa nyaya nne tumboni, za kuvuta uso wa mbele na wa nyuma ili lisitanuke likijazwa mawe. Kasha lake la mwisho aliliwekea mbili. Lilipojaa likatoa kitambi.

Wanawake walikuwa wameshatandaza vitambaa juu ya mtaro, mahindi ya kuchemsha, viazi, jibini, na pilipili ya kusaga. Casiano akasimama katikati yao, akainamia mtaroni.

"Kompadre," akaita, na sauti aliipandisha makusudi, "hilo kasha lako lina mimba ya miezi mingapi?"

Watu wakacheka.

"Limeshiba," Zenobio akajibu toka chini. "Lako limekonda kama mwenyewe."

"Shibe gani ya upande mmoja. Hiyo ni mimba, na baba hajulikani. Tumwite mkunga au tungoje?"

Wakacheka zaidi. Epifania, mke wake Zenobio, naye akacheka, mkono mdomoni, lakini alicheka.

"Muacheni," Casiano akawaambia. "Don Zenobio ndiye mwalimu wetu. Kasahau kidogo tu kwamba tumbo hufungwa kwa ndani."

Don. Don ni ya daktari, ya mtu wa serikali, ya mgeni anayeuliza njia. Miaka kumi na sita ya kuitana kompadre, leo mbele ya mahindi ya kuchemsha anaitwa Don. Na kilichochoma kuliko chote ni kwamba maneno yalikuwa ya kweli. Angekuwa ameonewa, angerusha jiwe, wangepigana, jioni wangelewa pamoja. Sasa utampiga mtu kwa kusema kweli?

Casiano hata hakujua amekata wapi. Kwake ulikuwa utani wa mchana. "Nifungie hapo, kompadre," akasema, anafuta mikono kwenye suruali. "Nakuletea kikombe chako."

Zenobio akabaki mtaroni na bunda la waya na koleo la kubania. Kiungo kilikuwa mbele yake, kasha lake na la Casiano, bega kwa bega. Kazi ya dakika arobaini, umelala kifudifudi kwenye tope. Juu vicheko vikaendelea. Pengine walikuwa wanacheka jambo jingine kabisa, lakini mtu mwenye hasira huvihesabu vicheko vyote kuwa vyake. Akakaa juu ya jiwe. Akaongeza koka mdomoni. Ajifungie mwenyewe, akawaza, si anajua sana kufunga. Akakaa hivyo hivyo, waya mapajani, mpaka injini ya katapila ikaanza kunguruma.

Casiano akateremka na kibuyu cha chicha, pombe ile ya mahindi, imejaa mpaka inamwagika.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Neno moja tu. Lingeweza kurudishwa, katapila lilikuwa bado hatua thelathini. Casiano hakuinama kuangalia. Angeinamaje, si kompadre wake amesema. Akamwagia ardhi matone ya kwanza, kama inavyotakiwa, na akayamwaga pale pale kwenye kiungo, yakateleza katikati ya makasha mawili bila kukutana na waya wowote. Kilichobaki wakanywa kwa kibuyu kimoja, huyu anampa yule. Halafu Casiano akampungia mkono dereva, na udongo ukashuka.

Zenobio alijiambia kesho nitafukua. Kesho kutwa. Baada ya mavuno. Safu ya pili na ya tatu alizishona kwa kiburi, mizunguko mitatu pale inapotakiwa miwili, injinia wa mradi akapiga picha. Ilikuwa kama mtu aliyeiba ng'ombe halafu anatoa sadaka ya mayai. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa kwanza, na ufa ukafukiwa ndani yake kwa makusudi, na mwenye kuufukia akanywa juu yake.

Mvua mbili zikapita, ukuta ukasimama. Ya tatu, wiki moja kabla ya karnivali, Jatunmayu ulishuka na rangi ya kahawa ya maziwa, unabeba magogo na milango ya watu wa juu. Ulichimba chini ya ukuta, kama kawaida yake. Ngwe ya Zenobio ikaning'inia, ikajikunja kidogo, ikashikana, ikabaki. Ilipofika kwenye kiungo mto ukapata palipolegea. Kasha la kwanza la Casiano likainama kama mtu anayesinzia kanisani, likaenda. La pili likalifuata. Saa sita mchana mipichi arobaini na tatu ya Casiano ilikuwa inaelea na mapichi yake, yameiva, yamebaki siku nne kuchumwa. Jiko lake pia likaenda. Hakufa mtu. Watu waliambiana hivyo mara nyingi mno siku ile, hakufa mtu, mpaka ikawa kama tusi.

Kijiji kikaitisha mkutano. Mwenyekiti wa chama cha maji alikuwa Doña Benedicta Soliz, mama wa maneno machache na yote makali.

"Ngwe ya juu imesimama, ngwe ya chini imeanguka," akasema. "Waya ni ule ule, mawe ni yale yale. Casiano, una la kusema?"

Casiano alikaa benchi la mbele. Mkononi alikuwa na kipande cha waya mnene, ule wa pembeni mwa kasha, urefu wa mkono mmoja. Alikuwa ameenda mtoni mto ulipotulia, akafukua kwa mtaimbo peke yake. Waya uliowahi kushonwa hubaki na mikwaruzo ya kuzungukwa, kama kidole kilichovuliwa pete. Huu ulikuwa laini kama ulivyotoka dukani. Akaugeuza, akaugeuza, akamwangalia Zenobio. Mule ndani ni watu wawili tu walioelewa.

"Sina," Casiano akasema.

Kompadre hamshtaki kompadre mbele ya watu. Alikuwa anangoja Zenobio mwenyewe aseme. Mkutano wa pili akaja na waya wake, akakaa, akamwangalia. Zenobio akaangalia viatu vyake. Wa tatu hivyo hivyo, na siku hiyo wakamsimamishia zamu ya maji, na mtu mmoja nyuma akasema wavivu huwa na ucheshi mwingi, na watu wakacheka, na Zenobio hakufungua mdomo. Laiti angefungua wakati huo. Alikuwa na mdomo mkubwa siku zote, siku ile ukafungwa kwa waya.

Casiano akauza ng'ombe wake wawili, akavuka mpaka na familia yake kwenda Argentina kufyatua matofali. Asubuhi walipoondoka Zenobio alikuta kile kipande cha waya kimetundikwa kwenye lango lake. Akakichomeka chini ya paa.

"Hicho chuma cha nini?" Epifania akamuuliza.

"Cha kufungia mbuzi."

"Hatuna mbuzi."

"Tutanunua."

Epifania akamtazama, akarudi kwenye viazi vyake. Mwanamke akiishi na mtu miaka thelathini anajua mbuzi gani wapo na mbuzi gani hawapo.

Pengo likabaki miaka saba. Mradi haukuleta waya mwingine. Kila mwaka kabla ya mvua Zenobio alikwenda pale peke yake, bila kuombwa, akajenga miguu ya mbuzi kama baba yake, ili mto usiingie zaidi shambani kwa mtu ambaye hayupo. Watu wakipita wanasema, kompadre wa kweli ndiye huyo, tazama, yule mvivu amekimbia na mwenzake bado anamlindia. Hapo ndipo alipoanza kuangalia chini akisifiwa. Ungekuwa wewe ungeangalia wapi.

Mwaka huu waya ukaja. Na Nilda naye akaja, umri wa miaka ishirini na sita, mabega yamekomaa kwa matofali, begi moja mgongoni. Akaenda kwanza kwa Zenobio, baba yake wa ubatizo, kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, Padrino."

"Marahaba, binti yangu. Baba hajambo?"

"Kifua. Vumbi la tanuru." Akaangalia mtoni. "Nimekuja kuchukua ngwe yetu. Nikikosa ngwe sina maji, nikikosa maji lile ni jangwa tu lenye jina la baba."

Epifania akamwekea supu ya karanga.

Mkutano ulikuwa Jumapili, baada ya misa. Doña Benedicta bado mwenyekiti, nywele zimekuwa nyeupe, ulimi haujabadilika.

"Ngwe ya Veizaga," akasema. "Iko katikati ya ukuta. Ikianguka tena tunaanguka wote. Mimi nasema apewe mtu anayejua kufunga."

Nilda akasimama. "Baba yangu anajua kufunga."

"Mto haukukubali," mtu mmoja akasema toka nyuma, na benchi lake zima likacheka.

"Mimi mwenyewe najua kufunga. Nipimeni."

"Binti, hatukuchukii," Doña Benedicta akasema. "Lakini damu ni damu. Nani anataka hiyo ngwe?"

Mikono miwili ikanyanyuka. Nilda akabaki amesimama, hajui akae au atoke. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumsemea, na macho yake yakaenda mahali ambapo yangekwenda macho ya mtoto yeyote aliyebatizwa, kwa padrino wake.

Zenobio akasimama. Alikuwa amekuja na kile kipande cha waya ndani ya koti, kama alivyokwenda nacho kwenye mikutano mingine mitano ya miaka hii saba, akarudi nacho nyumbani.

"Waya huu ni wa kasha la Casiano, la chini kabisa," akasema. "Upitisheni. Anayejua waya ataona."

Ukapita mkono kwa mkono. Mafundi aliowafundisha mwenyewe wakaupapasa kwa vidole gumba. Hakuna aliyecheka.

"Haujawahi kushonwa huu," mmoja akasema.

"Haujawahi. Zamu ya kushona ilikuwa yangu, mimi niko juu. Aliniuliza umefunga, nikasema nimefunga. Nilikuwa nimekasirika."

"Ulikasirika kwa nini?" Doña Benedicta akauliza.

Zenobio akatafuta jibu kubwa, lenye uzito wa mipichi arobaini na tatu. Hakulipata. "Alisema kasha langu lina mimba."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, likasikika shoka.

"Miaka saba," Doña Benedicta akasema polepole. "Miaka saba tumemwita yule mtu mvivu. Mimi nimemwita. Mdomo huu." Akavua kofia yake, akaiweka mezani. "Keti, Don Zenobio."

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Wakaamua ngwe ni ya Nilda na zamu ya maji inarudi, na safu ya chini yote ya ngwe hiyo ataipanga Zenobio, peke yake, kabla hajagusa kazi nyingine. Epifania alitoka bila kumngoja. Njiani Zenobio alipomfikia, Epifania alimwambia neno moja tu: "Mbuzi."

Leo ni siku ya tatu ya mtaro. Katapila linangoja huko juu, dereva amelala kwenye kivuli chake. Zenobio amelala kifudifudi kwenye tope, miaka sitini na moja, goti moja ndani ya maji, anashona kiungo. Mzunguko mmoja, mizunguko miwili. Nilda anampa mawe ya mbele, anayachagua yenye uso bapa, anafanya vizuri, ana mkono wa baba yake.

"Ulimpigia?" Zenobio akauliza bila kugeuka.

"Jumapili ile ile."

"Akasemaje?"

"Akasema anajua, alijua tangu siku aliyofukua." Nilda akapangusa jiwe kwa kiganja. "Kasema alingoja mikutano mitatu. Kasema laiti ungesema hata huo wa tatu, asingeuza ng'ombe."

Mzunguko mmoja. Mizunguko miwili.

"Atakuja?"

"Haji, Padrino. Kasema mapichi ya huko hayana ladha. Lakini haji."

Zenobio akavuta waya mpaka ukamkata kidole, akaendelea. Wanawake juu wameanza kutandaza vitambaa. Kuna mtu alicheka, na Zenobio alisikia ni kicheko tu, cha watu wenye njaa wanaoona chakula. Alipofika juu ya kiungo akabana ncha ya waya, akaikunja ndani isimchome mtu. Dereva wa katapila akaamka, akawasha injini.

"Umefunga?" Nilda akauliza. Ni swali la kawaida, aliye chini lazima aulize.

Zenobio akamkabidhi koleo, akasogea pembeni, akajibana kwenye ukuta wa mtaro, akamwachia nafasi aangalie mwenyewe.

Nilda akamtazama kidogo. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akaingiza kidole chini kabisa, akaanza kupanda nacho polepole, kiganja kwa kiganja, anavuta kila mzunguko. Karibu na katikati akasimama.

"Hapa pamelegea."

Akamrudishia koleo, akampungia dereva mkono angoje.